Kolwezi: Mashine ya kahawa bila umeme ni pambo tu

KOLWEZI, Lualaba – Mji unaotoa shaba na kobalti ya betri za dunia nzima bado unalala gizani. Na katika mji huo huo, kuna familia zinazoshawishiwa kutoa dola zao kununua mashine ya umeme ya espresso, ile kahawa nzito ya Kiitalia inayonywewa katika vikombe vidogo. Isemwe wazi: kwa nyumba ya kawaida ya Manika au Dilala, mashine hiyo ni hasara. Kwa familia iliyohamishwa, ni hasara mara mbili. Iko njia nyingine, na inakaa juu ya mbabula.

Kwanza, umeme. Nyingi ya mashine hizo zinahitaji wati 1,000 hadi 1,500 ili kupasha maji moto, na pampu yake inataka umeme usioshuka. Kila mama wa Kolwezi anajua namna taa inavyofifia jioni mpaka inafanana na kaa la moto. Umeme ukiwa dhaifu hivyo, maji hayafikii joto linalotakiwa, na kahawa inatoka chachu. Ukirudi kwa kishindo, unaweza kuunguza mashine. Jenereta ndogo inalemewa, na paneli ya jua ya kuchajia simu haiwezi hata kuanza.

Si kwamba umeme haupo. Vituo vya Nzilo na Nseke, vilivyojengwa kwenye mto Lualaba miaka ya 1950, viko katika jimbo hili hili. Laini kubwa kutoka Inga, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi, iliyomalizika mwaka 1982, inafika mpaka Kolwezi. Ilijengwa kwa ajili ya migodi. Raia wanaangalia nyaya zikipita juu ya vichwa vyao, kisha wanaenda kununua makala.

Pili, biashara yenyewe. Espresso inapatikana kwa kusukuma maji ya moto kupitia kahawa iliyosagwa laini, kwa nguvu ya bar 9, muda wa nusu dakika hivi. Mchimbaji ataelewa haraka: bar 9 ni kama uzito wa maji chini ya shimo la mita 90 lililojaa maji. Kwenye boksi la mashine ya bei ya chini kunaandikwa bar 15 au 20. Maandishi hayo ni ya kuuzia tu, maana nguvu hiyo ni ya pampu, si ile inayopita katika kahawa. Tena mashine bila kisagio kizuri haina faida. Kahawa ikiwa na chembe kubwa kubwa, maji yanapita kama mvua juu ya changarawe. Kisagio cha kufaa kinaweza kukaribia bei ya mashine yenyewe, na hilo muuzaji halisemi mpaka pesa imeingia mfukoni.

Mashine za kapsuli ni mtego mbaya zaidi. Kila kapsuli inabeba gramu 5 au 6 za kahawa, kwa hiyo kilo moja inatoka katika kapsuli 180 hivi. Mtu azidishe bei ya kapsuli moja mara 180, ndipo ataona anauziwa kilo ya kahawa kwa bei gani. Na siku kapsuli zikikosekana dukani, mashine inageuka kuwa sanduku la kuwekea vitambaa.

Sasa, njia ya mbabula. Birika ya moka ilianza kutengenezwa Italia mwaka 1933, katika kiwanda cha Alfonso Bialetti. Mpaka leo nyumba nyingi za Waitalia zinapikia kahawa humo. Ni chombo cha aluminiamu chenye sehemu tatu, hakina waya wala pampu. Maji yanatiwa chini, yasipite kile kitundu kidogo cha usalama. Kahawa inajazwa katika chujio na kusawazishwa bila kushindiliwa. Sehemu ya juu inakazwa vizuri, na birika inawekwa juu ya makala yaliyopungua moto, si yale yanayowaka kwa nguvu. Mvuke unasukuma maji kupanda juu. Ikianza kukoroma, inaondolewa mara moja, la sivyo kahawa inaungua na kuwa chungu.

Mambo matatu ya kuangalia. Kitundu cha usalama kisizibwe hata siku moja, maana birika inaweza kupasuka. Mpira wa katikati ukichoka, ubadilishwe. Na maji yawe safi: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi sumu ya madini. Maji ya mto yanayopita chini ya migodi hayafai kwa kahawa wala kwa bukari.

Asidanganywe mtu. Nguvu ya moka ni bar 1 na nusu hivi, kwa hiyo si espresso kamili, na lile povu la rangi ya dhahabu halitoki vizuri. Lakini ni kahawa nzito, nyeusi, ya kuamsha mtu anayeenda kazini saa kumi na moja asubuhi. Anayelitaka lile povu, atafute mashine ya wenzo: anamimina maji ya moto, anakandamiza kwa mkono, na bar 9 zinafika bila umeme. Hiyo inadai bei kubwa kuliko moka na kusaga laini zaidi, lakini angalau haingoji mtu wa umeme.

Kahawa gani? Hapo ndipo aibu ilipo. Robusta asili yake ni misitu ya Afrika, Congo ikiwemo, na utafiti wake ulifanywa kwa miaka mingi Yangambi. Wachomaji wengi wa Italia wanaichanganya katika espresso ili ipate uzito na povu. Arabika inalimwa Kivu, kwenye kisiwa cha Idjwi na milima ya Kalehe, na wakulima wake wamepigwa na vita miaka na miaka. Kahawa hiyo inatoka ikiwa mbichi, inachomwa mbali, halafu inarudi katika kopo zuri kwa bei ya mgeni. Ni njia ile ile ya kobalti. Anayenunua kahawa ya Kivu au ya Ituri, akaichoma katika kikaango na kuisaga kwa kisagio cha mkono, amekata safari hiyo ndefu kwa vitendo.

Kwa familia zilizotolewa Kasulo mwaka 2017, na zile zilizotolewa Cité Gécamines ili mgodi upanuke, hesabu hii si ya anasa. Wengi walisema fidia waliyopewa haikutosha kupata nyumba kama ile waliyoacha. Pesa ya namna hiyo haitakiwi kufia ndani ya kifaa kinachongoja umeme. Birika ya vikombe 3 inakula gramu 15 hivi. Kilo moja inatoa birika zaidi ya 60, karibu vikombe vidogo 200. Mama mwenye birika mbili, termos na sukari anaweza kusimama njia ya wachimbaji alfajiri na kurudi na pesa ya unga. Mwenye mashine ya umeme atasimama nyumbani akitazama taa.

Wapo watakaosema kwamba maneno haya ni ya kumzoeza maskini kuridhika na kidogo, na kwamba mtu wa Kolwezi ana haki ya mashine kama mtu wa Milano. Haki anayo, tena kuliko wengi, kwa kuwa shaba ya nyaya inatoka chini ya nyumba yake. Lakini haki hiyo inadaiwa kwa wakubwa wa mji, wa jimbo na wa migodi, si kwa muuza mashine. Umeme wa Lualaba uingie kwanza katika nyumba za Lualaba. Siku utakapoingia na kukaa, kila mtu anunue mashine anayoitaka. Kabla ya siku hiyo, dola zibaki mkononi mwa familia, na birika ibaki juu ya makala.