Usuli wa Msimamizi na Uhai wa Mradi

Msimamizi wa mradi anapotafutwa nchini Kenya, aghalabu huulizwa shahada, miaka ya tajriba na ustadi wa kuandika ripoti kwa Kiingereza. Sifa hizo zina haja yake. Hata hivyo, haziligusi swali lililo zito zaidi: mtu huyo amelelewa kuona nini, na kutoona nini?

Chukua kiwanda cha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, kilichojengwa kwa msaada wa Norwe na kukamilika mapema katika miaka ya 1980. Waliokibuni walitoka katika taifa lililoishi kwa uvuvi karne nyingi. Palipo na samaki, wao waliona barafu na soko la mbali. Waturkana walio wengi ni wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe, na miongoni mwao uvuvi ulihesabiwa kuwa kimbilio la aliyepoteza mifugo. Tena, kugandisha samaki katika jangwa ambamo joto hupita nyuzi 35 kulihitaji umeme na maji safi kwa wingi usiokuwapo. Mitambo ikaendeshwa siku chache tu, ikazimwa. Ukame wa katikati ya muongo huo ukaikausha Ghuba ya Ferguson, lililokuwa tegemeo kubwa la wavuvi. Elimu haikupungua hapo. Ilikuwapo tele, ila ya kwao.

Asiharakishe mtu kusema kwamba dawa ni kumweka mwenyeji. Profesa Wangari Maathai alipoasisi Vuguvugu la Ukanda wa Kijani mwaka 1977, mabwana misitu waliowafunza wanawake kuotesha miche walikuwa Wakenya wenzao, na bado istilahi zao za mwinamo wa ardhi na miale ya jua ziliwapita kinamama. Maathai mwenyewe hakusomea misitu. Shahada yake ya uzamifu, aliyoipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971, ilikuwa ya anatomia ya mifugo. Lakini alikulia Nyeri kati ya wakulima, akajua kwamba aoteshaye maharagwe hashindwi na mti. Akawahimiza watumie ujuzi wao wenyewe. Malipo, madogo kwa hakika, yalitolewa kwa mche ulioshika, si kwa shimo lililochimbwa. Kufikia mwaka 2004, alipotunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel, miti ilikuwa imepita milioni 30.

Hapa wanafunzi wa Kiswahili hawawezi kujitenga. Katiba ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa ya taifa na rasmi, lakini pendekezo la mradi bado huandikwa kwa Kiingereza, likasomwa na mfadhili, kisha wenyeji wakaelezwa yaliyokwisha kuamuliwa. Msimamizi asiyeweza kuketi barazani akapingwa kwa lugha anayoielewa atapata wapi habari kwamba watu wa Kalokol wanawaza mbuzi?