Hisa ziwe kwa jina lako



Mnawajua hawa. Anaingia kwenye kundi la WhatsApp au Telegram, ati ni mwalimu wa fedha. "Akhi, nitumie elfu tano, baada ya siku saba nakurudishia elfu kumi na tano." Ana picha ya gari na aya ya Qur'ani kwenye wasifu wake. Vijana wetu wanatuma. Pesa ikishaingia, namba haipatikani tena.

Upande wa pili kuna wanaokata maneno mapema: hisa zote haramu, kaa mbali. Hawa nao hawatusaidii. Kijana akifungiwa mlango wa halali, yule wa Telegram ndiye atakayemfungulia wake.

Sisi tunasema hivi: kama una akiba kidogo na unataka kununua hisa kwa simu, nunua. Lakini iwe kwa jina lako mwenyewe, kupitia broka mwenye leseni, na iwe kampuni uliyoichuja.

Hisa ni kipande cha kampuni. Ukinunua hisa za kampuni ya chai, wewe ni mshirika. Ikipata faida unaweza kupewa gawio, ikiyumba unaumia nayo. Kushirikiana katika mtaji si jambo geni kwetu. Mtume (SAW) alifanya biashara kwa mali ya Bi Khadija. Kwa hivyo mtu anayekuahidi faida kila wiki bila hasara, jua hauzi hisa.

Kuanza si kazi kubwa. Unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA na akaunti ya kupokelea pesa. Unafungua akaunti ya CDS, ambayo ndiyo daftari la hisa zako, kupitia broka aliyepewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya CMA. Ifungue mwenyewe, usikubali kutumiwa picha yake. Mabroka wengi wana programu ya simu: unaweka pesa, unachagua kampuni, idadi na bei, unaagiza. Zamani kwenye Soko la Hisa la Nairobi ilibidi uanze na hisa 100. Tangu 2025 unaweza kununua hata moja. Basi usikope, hasa kwa hizi apu za mikopo. Riba juu ya hasara ni msiba mara mbili.

Hesabu ada pia. Ukinunua au kuuza kidogo kidogo, makato yanaweza kufika karibu asilimia 2 kila mara. Anayenunua Jumatatu na kuuza Ijumaa anamlisha broka. Gawio nalo hukatwa kodi ya asilimia 5.

Sasa kuchuja. EABL ni pombe, BAT ni sigara, na benki za kawaida biashara yao ni riba. Hizo weka kando. Lakini usidhani kampuni ya simu au ya umeme ni safi kwa vile haiuzi bia. Soma hesabu zake za mwaka. Kipimo cha AAOIFI, kinachotumiwa na wanazuoni wengi wa fedha, kinataka mikopo ya riba isizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5. Sehemu hiyo ya haramu kwenye gawio lako unaitoa, hauli. Ukikwama, nenda na hizo hesabu kwa sheikh anayejua fedha.

Na usiingie na pesa ya kodi ya nyumba. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa Sh5 mwaka 2008, na mwaka uliofuata bei ilikuwa imeanguka chini ya Sh3. Mwaka 2021 ilipita Sh40, na 2023 ikarudi chini ya Sh20. Aliyeweza kusubiri alichagua siku ya kuuza. Aliyekuwa na deni, deni ndilo lililomchagulia.

Hata broka mwenye leseni, mwangalie. Mwaka 2008 Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi baada ya wateja kupata hisa zao zimeuzwa bila wao kujua. Hazina ya fidia ina kikomo cha Sh50,000 kwa mtu. Kwa hivyo hakikisha namba yako ya simu imeandikwa sawa kwenye CDS, na kagua taarifa ya akaunti mara kwa mara. Nywila usimpe mtu, hata kama ni binamu.

Mtu atauliza, haya yanahusu vipi harakati za haki? Kijana wa Pwani au Kaskazini Mashariki aliyezungushwa miaka kwa ajili ya kitambulisho hana PIN wala CDS. Kumnyima kitambulisho ni kumnyima umiliki. Na aliye nacho, mwenye hisa hata moja, ana haki ya kuhudhuria mkutano mkuu wa mwaka na kupiga kura. Vijana 200 wa Garissa, Mombasa na Eastleigh wakiwa na hisa kwenye kampuni moja wanaweza kusimama na kuuliza kwa nini inakopa kwa riba tu, ilhali sukuk ya kwanza nchini Kenya, Linzi, ilitolewa mwaka 2023. Swali hilo ukiuliza ukiwa nje, ni malalamiko tu. Ukiuliza kama mmiliki, bodi inapaswa kukusikiliza.

Wiki hii fanya mambo mawili. Fungua orodha ya CMA, na uchague kampuni moja usome hesabu zake. Pesa ifuate baadaye. Na yule akhi wa siku saba, mtoe kwenye kundi.

Wabillahi tawfiq.