Mbwa Wako ni Shauri Lako

Juma hili nataka kuzungumza nanyi habari za mbwa. Najua wako watakaocheka na kusema, "Karani huyu amekosa neno la kuandika." Na wacheke, lakini nawasihi wasome mpaka mwisho, kwa maana jambo hili limenipata mimi mwenyewe nyumbani kwangu, na lilikaribia kuleta msiba katika nyumba ya jirani asiye na kosa lo lote.

Hapa mjini Machakos, kutoka nyumbani kwangu mpaka afisini ni mwendo wa nusu saa kwa miguu. Katika njia hiyo ziko nyumba tatu ambazo kila mpita njia azijua. Nyumba ya kwanza ina kibao langoni kilichoandikwa "Mbwa Kali". Sarufi yake si sawa, maana ilipasa kuwa "Mbwa Mkali", lakini kosa la sarufi halimtoi mtu damu. Kosa kubwa ni kwamba lango lenyewe halifungwi, na mbwa yule hukaa barabarani tangu alfajiri akingojea baiskeli na pikipiki zipite azikimbilie. Mwenyewe ukimwambia, hukuonyesha kibao, kana kwamba kibao ni mnyororo. Mtoto wa miaka mitano hajui kusoma, na mbwa naye hajui kusoma. Basi kibao kile chamfaa nani?

Nyumba ya pili ina mbwa wanne au watano ambao ni wa kila mtu na si wa mtu ye yote. Asubuhi hutupiwa makombo na mama huyu, jioni na mzee yule, na usiku hulala chini ya vibanda vya soko. Siku wanapobweka na mwizi akakimbia, utasikia watu wakisema, "Mbwa wetu ni hodari." Lakini siku mmoja wao amwumapo mtu, kila mlango hufungwa, na jibu ni moja tu: "Huyo si wangu."

Nyumba ya tatu ni ya kijana mmoja mwenye mbwa mkubwa mzuri sana, aliyelishwa akanona. Kila jioni hutembea naye bila kamba. Mbwa huyo akiwarukia watoto watokao shuleni, wakaangusha vitabu vyao kwa hofu, kijana hupaza sauti kutoka mbali, "Msiogope, hana neno, haumi!" Yeye amjua mbwa wake. Je, mtoto aliye chini ya miguu ya mbwa, amjuaje?

Kwa muda mrefu nilikusudia kuandika juu ya watu hawa watatu, na maneno makali nilikuwa nimekwisha kuyaweka tayari. Lakini wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule, huona la mwenziwe. Kabla sijashika kalamu, mimi nami nikaingia katika hesabu yao.

Nina mbwa aitwaye Simba. Nilimpata akiwa mdogo sana, nikamlea kwa ajili ya kulinda nyumba. Watoto wangu walimfundisha neno moja tu, nalo ni "Shika!" Walipolitaja, Simba aliruka akashika gunia, au kijiti, au kiatu kikuukuu, nasi sote tukacheka na kumsifu. Neno la pili, "Acha!", hakuna aliyemfundisha. Hatukuona haja yake.

Jumamosi moja jirani yetu alimtuma binti yake wa miaka minane aturudishie sufuria. Mtoto akapiga hodi kama alivyofunzwa na mama yake. Lango lilikuwa wazi, kwa kuwa mimi mwenyewe sikulifunga nilipoingia. Kabla hatujaitikia tukasikia kilio. Nilipotoka nilimkuta Simba ameushika mguu wa mtoto, chini ya goti. Nikapiga kelele, "Simba! Simba!" Naye kila aliposikia jina lake alizidi kushika, maana katika maisha yake yote tulipomwita kwa sauti kubwa namna ile tulikuwa tukimtaka ashike. Ikabidi nimshike shingoni kwa mikono miwili ndipo akaachilia.

Watu wakakusanyika, kila mmoja na dawa yake. Huyu akasema tupake majivu, yule akasema tukate manyoya ya mbwa tuyachome na kuyafunga juu ya jeraha. Bahati njema alikuwapo mwalimu mmoja mzee aliyestaafu, akawanyamazisha wote. Akaagiza sabuni na maji, akamkalisha mtoto karibu na bomba, akaliosha jeraha robo saa nzima kwa saa yake ya mkononi. Tulipotaka kuacha kwa sababu mtoto analia, alikataa.

Mama wa mtoto alipofika hakunitukana. Laiti angalinitukana, ningalipata nafuu. Alinitazama akauliza neno moja tu: "Bwana Karani, mbwa huyu amechanjwa?"

Nikakosa la kujibu. Kazi yangu kwa miaka kumi na miwili ni kutunza majalada. Ukitaka barua ya mtu iliyoandikwa zamani, nitakuletea kabla chai yako haijapoa. Lakini cheti cha chanjo cha mbwa wangu mwenyewe sikuwa nacho, kwa sababu sikupata kumpeleka kuchanjwa hata mara moja. Kila mwaka nilisema nitampeleka, na kila mwaka ukapita.

Tulikwenda hospitali, mtoto akadungwa sindano ya kwanza, akapangiwa siku za kurudi kwa nyingine. Gharama na nauli nilizitoa mimi, kama ilivyo haki. Simba naye tuliagizwa tumfunge na kumwangalia kwa siku kumi, kwa maana mbwa mwenye kichaa ambaye tayari anaweza kuambukiza kwa mate yake kwa kawaida huonyesha dalili au hufa katika muda huo.

Wasomaji wapenzi, siku kumi hizo sitazisahau. Usiku nilikuwa nikiamka na taa kwenda kumtazama kama anakunywa maji, kama anameza chakula, kama sauti yake imebadilika. Kila asubuhi mama yule alipokuwa akienda kazini alisimama penye ua wetu. Desturi yetu tangu zamani ilikuwa kuulizana habari za nyumbani na za watoto. Siku hizo hakuniuliza habari za mke wangu wala za watoto wangu. Aliuliza, "Mbwa ameamkaje?" Nami nikajibu, "Ameamka vizuri, mama." Kisha akaenda zake. Siku ya kumi ilipita, Simba akiwa mzima, na mtoto akamaliza sindano zake kama alivyoagizwa.

Sasa niwaambie kwa nini tuliogopa hivyo. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi viingiavyo mwilini kwa mate ya mnyama mgonjwa, kisha husafiri polepole katika mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya dalili kuonekana, na kwa hiyo watu hudhani wamepona. Lakini dalili zikiisha kutokea, mgonjwa kushindwa kumeza na kuogopa hata maji, karibu kila mtu hufa. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi mno wao wakiwa Afrika na Asia. Katika kila wagonjwa 100, 99 waliambukizwa na mbwa. Na katika kila watu kumi wafao, wanne ni watoto walio chini ya miaka 15.

Jambo la kusikitisha ni kwamba kinga ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kifaransa, Louis Pasteur, alimwokoa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa na mbwa, kwa kumpa chanjo. Tarehe 28 Septemba, siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895, huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Serikali ya Kenya nayo ilitoa mpango mwaka 2014 wa kuukomesha ugonjwa huu kwa wanadamu ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia wenyewe. Basi mbwa mmoja asiyechanjwa si shauri la mwenyewe peke yake. Yeye ni tundu katika ua wa kijiji kizima.

Wako watu wasemao dawa ni kuwawekea mbwa sumu wafe wote. Hiyo si dawa. Ukiwaua wa hapa, wengine watakuja kutoka mtaa wa pili kufuata takataka zile zile, nao hawakuchanjwa. Tena mbwa hakujifungulia lango, wala hakukataa kwenda kwa daktari wa mifugo. Kosa ni la mwenye kumfuga.

Sheria yenyewe yasema hivyo. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 243, humhesabu kuwa mkosaji mtu ambaye, kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwingine, aacha kujihadhari na hatari inayoweza kuletwa na mnyama aliye naye. Sheria hiyo haikusema kwamba kibao kikiwapo mtu asamehewe.

Kwa hiyo nawaomba ninyi wenye mbwa tushike mambo matatu. La kwanza, lango lifungwe, na mbwa atokapo nje atoke kwa kamba iliyo mkononi mwa mtu mwenye nguvu za kumzuia. Wala tusimfunge mnyororo mfupi mchana kutwa bila maji wala kivuli, maana kufanya hivyo ni kumpikia hasira, na siku mnyororo ukikatika hasira hiyo itamwangukia mpita njia.

La pili, achanjwe. Kwa kawaida mbwa huanza kuchanjwa afikapo miezi mitatu, kisha chanjo hurudiwa. Cheti chake kiwekwe pamoja na vyeti vya watoto. Na asiyetaka mbwa wake azae ovyo amwulize daktari wa mifugo juu ya kumhasi, kuliko kungoja watoto wazaliwe kisha kuwatupa sokoni.

La tatu, afundishwe. Samaki mkunje angali mbichi. Mbwa mdogo azoezwe tangu majuma yake ya kwanza kuona wageni, watoto, baiskeli na magari bila kushtuka. Afundishwe neno moja moja, dakika tano asubuhi na dakika tano jioni, na watu wote wa nyumbani walitumie neno lile lile. Akitii, asifiwe au apewe kipande cha ugali. Fimbo humfundisha mbwa kuogopa, na mbwa mwenye hofu ni mwepesi wa kuuma. Simba alikuwa na miaka minne nilipoanza kumfundisha "Acha!", naye alikuwa samaki aliyekwisha kukauka kidogo, hata hivyo katika miezi miwili alijua. Ikiwa yeye aliweza, mbwa wa miezi miwili ataweza zaidi.

Na wewe usiye na mbwa, yakikufika, lioshe jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mwenye mbwa aapa kwamba mbwa wake ni mzima. Usingoje kuona itakuwaje.

Mwisho, niwape habari za yule binti. Jeraha limepona, limebaki alama ndogo. Mama yake na mke wangu wamerudia kuazimana sufuria, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini mtoto mwenyewe atokapo shuleni, akikaribia lango letu, huvuka barabara apite upande wa pili, ingawa lango limefungwa na Simba yuko kibandani mwake. Gharama za hospitali niliweza kulipa. Deni hili la pili bado ninalo, na kila siku saa kumi jioni naliona likipita upande wa pili wa barabara.

Kwa sababu hiyo, yale maneno makali niliyowawekea jirani zangu watatu nimeyaweka kando. Juma lililopita nilikwenda kwa kila mmoja wao, si kwa kuwashtaki, bali kwa kuwasimulia yaliyonipata. Yule wa kibao amelifunga lango. Kijana amenunua kamba. Wale wa sokoni wamekubali kuchanga ili mbwa wao wote wapelekwe kuchanjwa, ijapokuwa bado hawajapatana juu ya nani atakayetajwa katika vyeti kuwa ndiye mwenyewe.