Kigari cha mtoto: anayesukuma ndiye achague

Picha iliingia kwenye simu saa mbili usiku. Baba, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amepita Kariakoo akaona kigari cha kusukumia mtoto. Kina magurudumu matatu, rangi ya kijivu, na kinakunjwa mpaka kinaingia chini ya kiti cha basi. Akamtumia mkewe aliyeko Mbesa, wilayani Tunduru, na maneno machache: "Mama watoto, hela ya korosho ikiingia tununue hiki. Bibi naye apumzishe mgongo."

Mama alifurahi. Mtoto wao ana miezi 9 na uzito wa kilo 9. Lakini anayembeba mchana kutwa si mama, ni bibi yake mzaa baba, kwa sababu mama hufungua genge alfajiri na kurudi jioni. Tangu mwaka jana magoti ya bibi yanamsumbua, na akiinuka mtoto akiwa mgongoni hushika ukuta.

Asubuhi mama alimsalimia mkwewe, akamwonyesha picha. Bibi aliitazama, akamrudishia simu, akajifunga mbeleko na kutoka na mjukuu wake. Jioni ndipo alipozungumza.

"Mwanangu, mmeona nimeshindwa kulea?"

"Hapana, mama. Tumeona magoti yako yanavyokusumbua."

"Magoti ni yangu. Huyu mtoto ananijua kwa mgongo wangu."

Katika nyumba nyingi mazungumzo huishia hapo. Kigari hununuliwa kimyakimya, kinasukumwa siku mbili tatu, kisha kinageuka mahali pa kuwekea nguo chafu. Si kwamba kigari ni kibaya, wala si kwamba bibi ni mkaidi. Kimechaguliwa kwa picha, na atakayekisukuma hakuulizwa.

Maneno ya bibi yana uzito. Mbeleko huacha mikono yote miwili huru, hupita kwenye njia yoyote, na mtoto hulala akisikia joto na pumzi ya anayembeba. Hakuna kigari kinachofanya hayo. Kigari kina kazi yake moja kubwa: kuhamisha uzito kutoka kwenye mwili wa mlezi kwenda ardhini. Kwa mlezi mwenye magoti mabovu, au mama anayeuguza mgongo, kazi hiyo si anasa. Lakini itafanyika tu ikiwa ardhi yenyewe inakubali.

Na hapa ndipo wazazi wengi hukosea, kwa kuwa vigari huonekana kufanana ilhali vilibuniwa kwa shida tofauti.

Kigari chepesi cha kukunjwa kilibuniwa na babu. Mwaka 1965 Owen Maclaren, mhandisi mstaafu wa ndege wa Uingereza, alimwona binti yake akihangaika safarini na kigari kizito. Akatumia ujuzi wake wa vyuma vyepesi vya ndege, akatengeneza kigari cha alumini kinachokunjwa kama mwavuli. Uzito wake haukufika kilo 3. Kilifaa sana mjini, penye sakafu, lami, treni na ndege, na magurudumu yake yalikuwa madogo kwa sababu njia zake zilikuwa laini.

Kigari cha magurudumu matatu kilikuja baadaye, kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1984 Phil Baechler, mwandishi wa habari wa mji wa Yakima, Marekani, alitaka kukimbia mazoezi pamoja na mtoto wake mchanga. Vigari vya kawaida vilikwama na kutikisika. Akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari, mawili nyuma na moja mbele. Magurudumu makubwa hupanda juu ya jiwe au shimo ambalo gurudumu dogo lingetumbukia.

Vigari vidogo vya magurudumu matatu vinavyouzwa siku hizi vinajaribu kuunganisha mawazo hayo mawili. Vinachukua umbo la yule mkimbiaji na wepesi wa yule babu. Tatizo ni kwamba gurudumu kubwa halikunjiki. Kigari kinachoingia chini ya kiti cha basi karibu kila mara kina magurudumu madogo ya plastiki ngumu. Mnunuzi huona magurudumu matatu akadhani amepata kigari cha njia mbovu, kumbe amepata cha sakafuni.

Siku ya tatu bibi mwenyewe ndiye aliyefungua mazungumzo. "Kama ni mimi nitakayesukuma," alimwambia mkwewe, "nipelekeni nikakione kwa macho." Wifi wa mama anaishi Songea, na safari ya kumjulia hali ilikuwa imeshapangwa.

Kabla ya kuondoka, bibi alitaja njia zake zote za wiki. Kutoka nyumbani hadi gengeni kuna mchanga, na chini ya mikorosho kuna mizizi. Kwenda kliniki kuna mfereji wenye mbao mbili za kuvukia. Kwenda kwa dada yake kuna mteremko. Mama aliandika yote kwenye simu. Orodha hiyo fupi ina maana kuliko maelezo yoyote ya muuzaji, na mzazi yeyote anaweza kuiandika kwa dakika tano.

Basi la kutoka Tunduru hupita Namtumbo kabla ya kufika Songea, safari ya zaidi ya kilomita 200. Kesho yake walikwenda kwenye duka linalouza vitu vya watoto, vipya na vya mtumba. Kile cha kwenye picha kilikuwepo. Njiani mama alikuwa amenunua kiroba cha unga cha kilo 10. Wakakiweka kwenye kiti badala ya mtoto na kukifunga mkanda.

Juu ya vigae vya dukani kigari kiliteleza kwa kusukumwa na kidole kimoja. Bibi akaomba wakitoe nje. Kwenye kokoto za uani gurudumu la mbele liligeuka upande, likazama, kigari kikasimama ghafla na kiroba kikainamia mbele. Bibi alijaribu tena, kikazama tena.

"Hiki ni cha kutembelea sebuleni," alisema. "Sisi sebule yetu ni ndogo."

Kona ya duka kulikuwa na kingine, cha mtumba, chenye magurudumu makubwa ya kujazwa upepo. Kilikunjwa vizuri lakini kilibaki kikubwa. Hakiwezi kuingia chini ya kiti, ila kwenye buti ya basi kinaingia. Gurudumu lake la mbele lina kifungo cha kulizuia lisizunguke. Mjini huachwa lizunguke ili kukata kona kirahisi. Kwenye mchanga na kokoto hufungwa liende moja kwa moja. Kiroba kilikatiza kokoto bila kuinama.

Kilikuwa na kasoro mbili: tairi moja la nyuma halikuwa na upepo, na kitambaa cha kivuli kilikuwa kimechanika. Bei yake ilizidi ya kile kipya kidogo. Mama alimpigia simu mumewe. Hela iliyokuwepo ilitosha, lakini ingekula fedha ya bati za jiko kabla ya mvua kuchanganya.

"Bati haziguswi," bibi alisema kabla hajaulizwa. Kisha akaanza kukikagua kigari kama anayekagua mbuzi mnadani.

Alichokikagua kinafaa kukaguliwa na mnunuzi yeyote wa kigari cha mtumba.

Kwanza ni gurudumu la mbele. Alilishika akalitikisa juu na chini, kushoto na kulia. Kigari cha magurudumu matatu kina gurudumu moja tu mbele, na likichomoka hakuna lingine la kukishikilia. Hili si jambo la kudhaniwa. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa iliifungulia kampuni ya Britax mashitaka kuhusu vigari vya BOB, baada ya taarifa nyingi za gurudumu la mbele la kuchomoa haraka kuchomoka safarini na kujeruhi watoto na wazazi. Gurudumu la kuchomoa halina ubaya likikazwa sawasawa, lakini likaguliwe kila kabla ya kutoka.

Pili ni bawaba na vifungo vya kukunjia. Kigari kikishafunguliwa, vifungo vyote viwe vimeingia, na kikibonyezwa kisijikunje. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza kutoa vifuniko vya bawaba kwa vigari vipatavyo milioni 1 nchini Marekani, baada ya watoto 12 kukatwa ncha za vidole wakati kigari kikifunguliwa. Kanuni ni moja: mtoto awe mbali wakati wa kukunja na kukunjua.

Tatu ni breki. Walikipeleka kwenye mteremko, wakafunga breki na kukiachia, kiroba kikiwa ndani. Hakikusogea.

Nne ni mkanda. Ule wenye kamba tano, mbili za mabegani, mbili za kiunoni na moja ya katikati ya miguu, humshika mtoto asiteleze chini wala asisimame. Kamba moja ya tumboni haitoshi.

Tano ni kishikio. Bibi ni mfupi. Kishikio cha kile kidogo kilimfika kifuani, cha hiki kinashushwa. Mlezi anayesukuma akiwa amenyoosha mikono juu, au ameinama, amehamisha maumivu kutoka kwenye magoti kwenda kwenye mgongo.

Baada ya hapo bibi alimgeukia muuzaji. Tairi halina upepo, kivuli kimechanika, mwanangu unasemaje? Muuzaji akashusha bei. Bibi akanyanyuka kana kwamba anaondoka. Akashusha tena, na bati zikabaki salama.

Bibi alijua jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Mbesa kuna fundi baiskeli, na tairi la kigari likiwa na mpira wa ndani wa inchi 12, kama wa baiskeli ya mtoto, pancha yake ni kazi ya dakika chache. Kivuli ni kazi ya fundi cherehani. Lakini fremu iliyopinda, bawaba iliyolegea au gurudumu la mbele linalocheza, hayo si ya kuokoteza fundi. Kasoro ya kununua ni ile inayotengenezeka nyumbani.

Kijijini mtoto alilia siku ya kwanza alipowekwa kwenye kigari. Bibi hakumlazimisha. Alimweka kwa muda mfupi asubuhi, akamtoa, akarudia jioni. Baada ya siku chache mtoto alizoea kutazama kuku na mbuzi akiwa ameketi.

Mambo machache walijifunza njiani. Penye mchanga mzito, bibi hugeuka na kukivuta kigari nyumanyuma kama toroli, ili magurudumu mawili yatangulie. Kwenye mteremko hapiti kwa ubavu, kwa kuwa kigari cha magurudumu matatu hakiyumbi kwenye ardhi isiyo sawa lakini huanguka upande kirahisi kikiinama au kikikatwa kona kwa kasi. Mfuko wa mboga haning'inizi kwenye kishikio, maana uzito huo unaweza kukibinua nyuma mtoto akiwa ndani. Na jua likiwa kali hafuniki kigari kizima kwa khanga. Kinachoonekana kuwa kivuli hugeuka tanuri, kwa sababu hewa haipiti. Hutafuta mti.

Kuna pia suala la umri. Mtoto huyu ana miezi 9 na anakaa mwenyewe. Mtoto ambaye shingo haijakaza na hajaweza kuketi, kwa kawaida kabla ya miezi 6, hafai kwenye kiti kilichosimama. Anahitaji kigari kinacholala chali kabisa, la sivyo mbeleko ndiyo bora. Mtoto akilala usingizi kwenye kigari, asiachwe peke yake.

Mvua zilipochanganya mwezi Januari, njia ya gengeni iligeuka tope. Kigari kilikunjwa kikawekwa nyuma ya mlango, na kwa wiki kadhaa mtoto alirudi mgongoni, safari fupi fupi, na mama akawa anafunga genge mapema ili ampokee. Hakuna aliyeona fedha imepotea. Kigari kilinunuliwa kwa ajili ya siku kavu, na siku kavu Ruvuma ni nyingi.

Baba alipokuja likizo alikuta kigari kina kivuli kipya cha kitenge. Akauliza ni nani aliyekichagua, kwa kuwa sicho alichotuma kwenye picha.

"Nimekichagua mimi," mama yake akamjibu. "Wewe unakaa kwenye lami."

Kwa mzazi anayefikiria kununua, hesabu ni hiyo. Aandike njia, siyo rangi. Ampeleke atakayesukuma, siyo anayelipa pekee. Aweke kiroba kwenye kiti, atoke nje ya duka, asukume. Kama muuzaji hakubali kigari kitoke nje, kuna duka lingine. Na mbeleko isitupwe. Bibi wa Mbesa, kila anapotoka na kigari, huikunja yake na kuiweka kwenye kikapu cha chini.