Mtumwa wa tatu aliogopa

Jumapili hii naomba tufungue Injili ya Mathayo 25, kuanzia mstari wa 14, tuutazame mfano wa talanta kwa jicho la mtu mwenye akiba ndogo.

Wengi tumezoea kuhubiri kwamba mtumwa wa tatu alikuwa mvivu, na ndivyo bwana wake alivyomwita. Nami nimehubiri hivyo kwa miaka mingi. Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa kwaya, muuza maandazi, alinisubiri nje ya kanisa. "Mchungaji," akasema, "yule mtumwa mwenyewe alisema aliogopa. Hata mimi naogopa."

Tukaketi. Akanieleza kwamba miaka kadhaa nyuma alitoa akiba yake yote, shilingi 600,000, akaiingiza katika mchezo wa "kupanda mbegu" ulioletwa na mtu anayesali naye. Aliahidiwa kuvuna mara mbili ndani ya miezi michache. Mchezo ukafa, fedha ikapotea. Tangu siku hiyo kila anachobakiza anakitia kwenye kibubu chini ya kitanda.

Niliona aibu, kwa sababu maneno yaliyomponza ni maneno yetu ya madhabahuni: mbegu, mavuno, imani, baraka. Wanaokumbuka mwaka 2009 wanajua jinsi waumini wa nchi hii walivyolizwa na upatu uliovaa vazi hilohilo.

Hofu ya mama yule ina sababu. Hata hivyo, kibubu nacho kinakula fedha. Bei ya unga, sukari na nauli hupanda mwaka hadi mwaka, lakini noti iliyofichwa haiongezeki. Ndiyo maana bwana wa kwenye mfano alimwambia mtumwa wake kwamba angalau angeiweka fedha ile kwa watu wa riba, ikazaa kidogo.

Lipo jambo jingine ambalo huwa tunalipita haraka. Mstari wa 19 unatuambia kwamba bwana yule alirudi baada ya muda mrefu. Watumwa wawili wa kwanza walizidisha mara mbili walichokabidhiwa, lakini walikuwa na muda. Upatu unaahidi mavuno yaleyale bila kungoja. Wahenga walishasema, haraka haraka haina baraka, na Mithali 13:11 inafundisha kwamba achumaye kidogo kidogo ndiye mali yake huongezeka.

Tufanye hesabu. Mtu anayeweka shilingi 20,000 kila mwezi kwa miaka 20 atakuwa ametoa mfukoni 4,800,000. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba anapata faida ya asilimia 8 kwa mwaka, na haitoi bali anaiacha nayo izae. Baada ya miaka 10 atakuwa na kama 3,650,000. Faida ndani yake ni kama 1,250,000. Akivumilia hadi miaka 20, atakuwa na takribani 11,780,000, na faida inakaribia milioni 7. Sehemu kubwa ya faida hiyo huja katika miaka kumi ya mwisho, ambayo wengi wetu hatuifikii kwa kuwa tumeshakata tamaa. Mwenye kipato kidogo hana mtaji mkubwa, lakini miaka anayo.

Njia za halali zipo hapa nchini. Mfuko wa Umoja, unaosimamiwa na UTT AMIS, ulianza mwaka 2005. Mtu hununua vipande kidogo kidogo, na fedha za wengi huwekezwa kwa pamoja. Serikali nayo hukopa kwa wananchi kwa njia ya hatifungani kupitia Benki Kuu, nyingine za miaka 20 na zaidi, na hulipa riba kila baada ya miezi sita. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, anayenunua hisa anamiliki sehemu ya kampuni na hupata gawio kampuni inapolitoa.

Bei za hisa na vipande hupanda na hushuka. Kwa hiyo fedha ya ada ya Januari, kodi ya nyumba au matibabu isiende huko. Lipa kwanza madeni yenye riba kubwa, weka pembeni akiba ya dharura, kisha wekeza ile unayoweza kuiacha miaka mitano, kumi na zaidi. Wala usiiweke yote mahali pamoja. Mhubiri 11:2 anashauri tuligawe fungu letu kwa saba, hata kwa wanane, kwa kuwa hatujui baya litakalotokea.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja, uliza maswali mawili. La kwanza, nani amewapa kibali? Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana wanaweza kukujibu. La pili, faida inatoka wapi? Ukiambiwa inatoka kwa watu wapya watakaojiunga, ondoka, hata kama anayekuambia amevaa kola kama yangu.

Nasi watumishi tuna deni. Madhabahu isitumike kuuzia mchezo wowote wa fedha. Anayekuja kwetu na njia ya kutajirika haraka, tumuulize maswali hayo mawili kabla hajashika kipaza sauti. Na waliokwisha kuumizwa tusiwahubirie uvivu. Tuwasindikize waanze tena.

Mama yule hakuvunja kibubu siku ile. Ilimchukua miezi. Alikwenda na binti yake, akauliza maswali yake yote, akaanza na shilingi 20,000. Juzi aliniuliza mbona bado hajaona ongezeko la maana. Nikamwambia asome tena mstari wa 19. Akacheka, akaenda zake kwenye mazoezi ya kwaya.

Mungu atupe hekima ya kuanza na subira ya kungoja. Nakutakia Jumapili njema.