Yatima wa Baba Aliye Hai

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.). Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Ndugu Waislamu, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004, humpima mwombaji kwa hali ya wazazi wake. Aliyefiwa huthibitisha uyatima wake kwa cheti cha kifo, ambacho kwetu Zanzibar huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Lakini yupo kijana mwingine hapa Pemba, tangu Micheweni hadi Mkoani, ambaye karatasi hazimjui. Baba yake yu hai, ana duka Unguja au Bara, na ana mke mwingine. Alimwacha mama wa kijana zamani, na tangu siku hiyo hata daftari hakununua. Kijana huyu apeleke cheti gani? Hakuna ofisi inayosajili baba aliyeukimbia wajibu wake.

Wapo wanaomshauri adai kuwa baba amekufa. Huo ni uongo, na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa. Lakini ni dhulma kumkaripia mtoto huku tukimpisha safu ya mbele baba aliyemfikisha hapo.

Suratul Baqara, aya ya 233, imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyeshea mtoto wake. Na Hind bint Utba alipoushtaki ubahili wa mumewe, Abu Sufyan, Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi matunzo ya mtoto si hisani ya baba. Ni haki iliyomo ndani ya mali yake.

Atasema: “Huyo keshabaleghe, sina wajibu naye tena.” Kweli, wanavyuoni wamejadili matunzo ya mtoto aliyebaleghe na anayeweza kuchuma. Lakini alipokuwa na miaka sita, nani alimlisha? Aliyeupuuza wajibu ulipokuwapo asijifiche nyuma ya fiqhi leo.

Tufanye nini? Kwanza, mama asingoje mpaka mwana afike mlango wa chuo. Aende kwa Kadhi mapema, kwani Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 imempa Kadhi mamlaka ya kusikiliza madai ya matunzo. Na hukumu iliyoandikwa ina uzito ambao malalamiko ya barazani hayana. Pili, sheha na imamu wanaoujua ukweli wa nyumba ile wauandike na kuutilia saini, bila ya kuzidisha wala kupunguza. Kuficha ushahidi nako ni dhambi. Tatu, mafukara na masikini ndio wanaotajwa mwanzo miongoni mwa wanaostahiki zaka katika Suratut Tawba, aya ya 60. Kijana asiye na nauli wala ada ni katika hao, naye yumo mtaani mwetu.

Nawe baba unayeyasoma haya, mkopo wa serikali hautalijibu swali utakaloulizwa Siku ya Kiyama. Mtafute mwanao angali akikuita baba.

Wabillahi tawfiq.