Maziwa Hayaoshi Mapafu

Siku hizi kila msee mwenye nduthi ya projekti ana kibanda chake cha rangi. Anaunganisha mabomba ya PVC, anayazungushia nailoni, anabandika feni ya choo upande mmoja, taa mbili juu, tayari. Wiki inayofuata tangi limetoka liking'aa kama kioo na picha zimejaa kwa simu zetu. Tunapiga makofi. Tunauliza besi ni ya kampuni gani, klia ni ya kampuni gani, imepigwa koti ngapi. Sijawahi kuona mtu akiuliza ile feni ilikuwa inampulizia nani.

Basi wacha niulize mimi, na nikionekana mharibu sherehe, sawa tu.

Sina ugomvi na projekti. Niko na yangu, Boxer ya boda iliyochoka, nimeikata mkia na kuishonea siti ya mtu mmoja. Najua ile raha ya kusugua klia kwa msasa wa maji namba 2000, ukaipiga polishi hadi taa ya dari ionekane ndani yake. Ugomvi wangu ni na fundisho moja ambalo tumelimeza bila kutafuna: kwamba kazi ya kibanda cha rangi ni kulinda rangi.

Sikiliza tunavyofundishana. Mwagia sakafu maji ili vumbi litulie. Panguza tangi kwa kitambaa chenye gundi. Nailoni huvuta vumbi kwa umeme tuli, kwa hivyo ipitishie kitambaa kibichi kwanza. Weka kichujio pale hewa inapoingilia. Yote ni kweli, na mtu anayeishi Kahawa au Rongai, ambako vumbi linaingia mpaka ndani ya mkebe wa sukari, anayahitaji. Lakini angalia vizuri: kila moja ya sheria hizo inahusu kitu kinachoingia. Kuhusu kinachotoka, kimya. Mwanadamu mwenyewe anapewa sekunde tatu kwenye video, "usisahau maski", na anayesema hivyo amevaa ile ya bluu iliyobaki wakati wa Korona.

Tuongee basi kuhusu kilicho ndani ya mkebe.

Klia tunayoipenda, ile ngumu isiyoliwa na petroli ukimwagia tangi kwa bahati mbaya, ni ya 2K: mkebe mkubwa wa klia na mdogo wa hadina. Ndani ya hadina kuna isosianeti. Hiyo ndiyo inayofanya klia ikauke ngumu, na hiyo hiyo ndiyo inayoweza kufanya kifua chako kikatae hewa. Haina tabia ya pombe, kwamba mwili utaizoea. Inaufundisha mwili kuigomea. Unaweza kuivuta miezi, hata miaka, usione kitu. Halafu siku moja mwili unaamua imetosha, na kuanzia hapo kiasi kidogo sana, hata kupita tu karibu na gereji, kinakuletea pumu. Ukishafika hapo, kwa kawaida biashara ya kupiga klia imeisha. Uingereza, idara ya serikali ya usalama kazini imewahi kukadiria kwamba hatari ya wapiga rangi za magari kupata pumu ni mara 80 kuliko ya mfanyakazi wa kawaida. Hiyo ni nchi yenye vibanda vya kiwandani na wakaguzi wanaokuja na vipimo. Sisi tuna nailoni na feni ya choo.

Na usiitegemee pua. Ile harufu inayokufanya ukunje uso ni ya thina. Isosianeti, ukifika kuinusa, kiwango cha hatari umekipita kitambo. Maski ya karatasi inazuia vumbi la msasa. Mvuke unapita ndani yake kama makanga anayeingia kwa gari lake mwenyewe. Ile yenye katriji za mkaa ni afadhali mara mia, lakini katriji inajaa bila kukuambia. Ndiyo maana waliokaa chini wakaandika kanuni za klia hii wanataka mpigaji avute hewa ya mpira kutoka mahali safi. Si hewa ya kompresa ya kujaza tairi. Hiyo inaweza kukuletea mvuke wa oili, na pengine kaboni monoksidi, moja kwa moja puani. Tena ukimaliza koti ya mwisho usivue maski kushangilia: ukungu mwembamba usioonekana unabaki hewani dakika kadhaa, na kwa chumba chenye hewa nzito ni nyingi kuliko unavyodhani.

Nairobi tuna jibu letu kwa haya yote. Maziwa.

Tembea gereji za rangi kuanzia Grogan mpaka Kariobangi, saa kumi jioni utampata fundi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, pakiti mkononi. "Hii inatoa rangi kwa kifua." Nimeambiwa hivyo na watu ninaowaheshimu. Nimeambiwa na aliyenifundisha kushika bunduki ya sprei, mtu tunayemwita Mzee tu, ambaye leo akinusa rangi mbichi anatafuta ukuta wa kushika. Amekunywa maziwa ya kulea ndama. Lakini maziwa yanaenda tumboni, buda. Mapafu yako barabara nyingine kabisa, na maziwa yakiingia huko, hiyo inaitwa kupaliwa.

Simcheki Mzee. Mtu asiyepewa kinga hutafuta kinga popote, na maziwa angalau yana protini. Hasira yangu ni kwamba pakiti imegeuka kuwa bajeti. Mwenye gereji anatoa bob 65, anahisi ametunza mtu. Piga hesabu: bob 65 kwa siku 300 za kazi ni 19,500. Hizo zinanunua maski ya mpira ya maana na katriji za kubadilisha, na chenji inabaki. Kwa hivyo usiniambie ni umaskini. Doo ziko. Zinaenda kwa ng'ombe.

"Lakini wazee wamepiga rangi miaka 30 na bado wako." Hii nayo naisikia kila wiki. Wako, kwa sababu unawahesabu waliopo. Yule aliyebanwa kifua mwaka wa tatu haketi pale kwenye ndoo akikungojea umwone. Alirudi ushago au anauza mitumba. Gereji inajichuja yenyewe, halafu tunawatazama waliobaki tunasema, si unaona, haina noma.

Nyuma ya jibu hilo kuna sifa tunayojipaka ambayo imenichosha. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira Kenya iliyosaidia kueneza duniani jina la sekta isiyo rasmi. Tangu hapo tumesifiwa kwa ubunifu, kwa uvumilivu, kwa kutohitaji mtu. Jua kali limekuwa beji. Ila sikiliza lile jina. Linasema watu hawa wanafanya kazi wakichomwa na jua kwa sababu hawana paa. Hayo ni malalamiko. Sisi wa keja tuna paa, tuna intaneti, tuna hadi taa za rangi chini ya kitanda, na bado tunaiga ukosefu wa gereji kana kwamba ni staili. Mzee hakuchagua kukosa maski. Wewe umenunua ekzosti ya bei ya maski tatu.

Sasa feni. Hapa watu hukasirika kwa sababu ni hesabu, na hesabu haina maoni.

Kibanda kinachofanya kazi kinahitaji hewa itembee kwa kasi ya karibu nusu mita kwa sekunde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kama kibanda chako kina upana wa mita 2 na kimo cha mita 2, hizo ni mita za mraba 4. Zidisha kwa nusu, unapata mita za ujazo 2 kila sekunde, yaani 7,200 kwa saa. Feni ya choo inasukuma 200, ikijitahidi sana 300, na hapo hujaiwekea kichujio cha kuikaba. Ulichojenga ni hema la kujifungia na sumu, lenye kitu kinachozunguka ukutani ili dhamiri yako itulie. Afadhali hata uwanjani, upepo ungekuhurumia.

Halafu ile mota. Mvuke wa thina unashika moto, na ni mzito kuliko hewa. Unatambaa sakafuni, unapita chini ya mlango. Feni ya kawaida ina mota iliyo katikati ya njia ya hewa, na mota nyingine hutoa cheche. Nje ya mlango kuna korido, na kwenye korido mathe wa jirani amewasha meko anakaanga vitunguu. Sihitaji kumalizia.

Nisimame kwa huyo jirani, maana kwangu yeye ndiye kesi yenyewe. Ploti ninayoishi ina nyumba kumi na mbili, madirisha yanaangaliana, kamba za nguo juu. Mlango wa tatu kuna mtoto wa darasa la pili anayetembea na inhela kwa begi ya shule. Jumamosi moja msee wa orofa ya chini alipiga klia kwa kibanda chake kipya, mdomo wa feni ukiangalia juu. Mtoto alikohoa mpaka akatapika, mama yake akafunga madirisha yote na kumpeleka kwa shangazi Githurai hadi Jumatatu. Siwezi kuapa ilikuwa ile klia; mtoto wa pumu hukohoa kwa mengi. Lakini msee alipoambiwa, alisema ameweka kichujio. Kweli alikuwa ameweka: sponji ya godoro. Sponji inashika matone ya rangi, ndiyo maana ukuta haukuchafuka. Mvuke haujui kuna sponji. Kwa hivyo alilinda tangi, akalinda ukuta wa landlodi, na kifua cha mtoto wa mama mwingine kikabaki ndicho kichujio cha mwisho.

Hapo ndipo siwezi kukubali ile "nyumba yangu, projekti yangu". Kifua chako ni chako, kipeleke unakotaka. Hewa ya ploti hujalipia rent peke yako.

Na kama hupigi mwenyewe, unamwita fundi aje kwa keja akupigie, usidhani umetoka. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu mahali popote mtu anapofanya kazi, iwe kwa muda au daima, na inataka mwajiri atoe kinga pale mfanyakazi anapokutana na kitu cha kumdhuru. Mimi si wakili, na wewe hujioni kama mwajiri kwa sababu umevaa kaptula. Lakini mtu amesimama ndani ya nailoni yako akivuta hadina yako ili tangi lako ling'ae. Umempa nini? Najua umempa nini. Ya nusu lita.

Linganisha na Ulaya, ambako tangu Agosti 2023 mtu hatumii kazini bidhaa yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya daiisosianeti kabla ya kupata mafunzo. Mafunzo ya kutumia mkebe! Sisi mkebe unawekwa kwa karatasi ya kaki, unaambiwa "changanya mbili kwa moja", next.

Sasa, kujenga nyumbani kunawezekana, na hii ndiyo sehemu ambayo video hazikuambii kwa sababu haipendezi kwa picha. Usijenge chumba cha kuingia. Jenga kabati. Nduthi ya projekti inafunguliwa yote: tangi, madigadi, vifuniko vya ubavuni. Hakuna kipande hapo kinachokuhitaji usimame nacho ndani. Kabati lenye mdomo wa mita moja kwa mita moja linataka mita za ujazo 1,800 kwa saa, na hiyo ni feni unayoweza kuipata bila kuuza figo, mradi mota yake ikae nje ya njia ya hewa. Wewe unabaki nje, mikono ndani, hewa ikikupita mgongoni kuelekea kwa kazi na kuondoka. Maski bado unavaa, na glavu, kwa sababu hadina inaingia hata kwa ngozi.

Tena kwa kabati hilo piga praima na besi zisizo na hadina. Klia ya 2K ipeleke kwa mtu mwenye kibanda cha kweli, umlipe, hata kama utakula sukuma wiki mbili. Fremu usihangaike nayo kabisa. Wako watu mjini wenye oveni za rangi ya unga, inatoka ngumu kuliko chochote utakachopiga kwa korido. Nimeambiwa hiyo si "kazi ya mkono wangu". Sawa. Hukuchimba chuma pia.

Bado linabaki swali la bomba, na hapo mimi mwenyewe nimekwama. Feni ninayo, vichujio ninavyo, wasee wanne tuko tayari kuchanga kodi ya stoo tupige rangi kwa zamu. Tumezunguka Baba Dogo na Kariobangi Light Industries Jumamosi tatu. Kila stoo tunayoonyeshwa, nazunguka nyuma kwanza kuangalia bomba litatokea wapi, na kila mara nakuta dirisha la mtu. Ukijua moja ambayo nyuma yake hakuna dirisha, hakuna kamba ya nguo, hakuna kibanda cha chapati, tuandikie.